Siku ya Mapazia

Fundi cherehani aliketi mbele ya meza ya mpelelezi, ameshika mkono mzima wa mdogo wake. Ule mwingine ulikuwa na bandeji.

Mdogo wake alikuwa na miaka thelathini na minne. Kwa miaka kumi na mmoja alikunja mashuka katika chumba cha kufulia cha hoteli, hata wenzake wakamwita Mashuka. Saa hakujua kuisoma, wala kalenda. Akili yake ilikwenda mwendo wake. Lakini shuka alilokunja yeye pembe zake zililala sawasawa. Sasa msimamizi wake alidai kwamba Mashuka alijichoma pasi kwa uzembe. Mashuka alisema ni msimamizi aliyemchoma. Hakukuwa na shahidi mwingine. Asipoaminiwa, atarudi kazini chini ya mtu yuleyule.

"Haya, bibie. Ilikuwa siku gani?"

"Jumanne," Mashuka akajibu haraka, akamtazama dada yake apate sifa.

"Haikuwa Jumatano?"

"Ndiyo, afande."

"Au Ijumaa?"

"Ndiyo, afande."

Mpelelezi akacheka, akaifunika kalamu. "Mama, unaona? Nikimwambia nimemchoma mimi, atasema ndiyo. Tena msimamizi alikuwa likizo hadi Jumatano. Karatasi ninayo hapa."

Damu ikampanda fundi kichwani. Jumanne ilikuwa yake. Alirudi safarini akakuta bandeji waliyoifunga wafanyakazi wenzake Mashuka, akakisia siku, kisha akamkaririsha mdogo wake kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Jumanne nimemtia mdomoni mimi," akasema. "Nilitaka aonekane anajua. Muulize upya. Usimpe siku. Muulize walikuwa wanafua nini."

Mpelelezi akashusha pumzi. "Mlikuwa mnafua nini?"

Mashuka akafumba macho. "Mapazia. Yale mazito ya ukumbini. Maji yanachuruzika mpaka kwenye viatu. Msimamizi akasema toa shuka mezani. Nikasema namalizia kukunja. Akasema mjinga wewe, hata pasi huijui. Akaichukua. Akasema, pasi ndiyo hii."

Mpelelezi akaegemea meza.

"Una hakika hayakuwa mataulo?"

"Mapazia!" Mashuka akafumbua macho. "Mataulo yana siku yake. Wewe husikii?"

Askari wa meza ya pili akaficha kicheko kwa kiganja.

"Mapazia ya ukumbi hufuliwa mara moja kwa mwezi," fundi akasema. "Ratiba imebandikwa ukutani kulekule hotelini. Waulize."

"Mama, usinifundishe kazi."

"Basi ifanye!" Akapiga meza, kalamu ikaruka. "Karatasi ya likizo ya bwana mkubwa uliikimbilia. Ratiba ya mapazia hata kuiulizia hukuiulizia! Huyu ulimwekea mitego tu."

Mpelelezi akainua simu kwa kisirani. Akauliza, akasikiliza, akaiweka chini polepole. "Alhamisi," akasema, bila kumtazama mtu.

Akaanza kuandika. Fundi akainama, akasoma: *Kwa msaada wa dada yake, shahidi alikumbuka kuwa ni Alhamisi.*

"Futa. Msaada wangu ndio uliomponza. Na Alhamisi hakuitamka yeye. Andika alivyosema."

Wakatazamana. Mpelelezi akakata mstari, akaandika upya, kalamu ikikwaruza karatasi. Mashuka, asiyejua kusoma, akasogeza kichwa karibu.

"Umeandika mapazia?"

"Nimeandika."

"Mazito?"

Mpelelezi akarudi kwenye mstari, akaliongeza neno hilo.