Amina Iliyohamishwa

Kila mstari wa nyumba hapa Makongeni uliruhusiwa kutuma mtu mmoja kwenye mjadala wa runinga, na wetu ulinituma mimi. Nilikuwa na swali moja: maji yatarudi lini? Majirani waliamini kwamba mheshimiwa, mbunge wetu, hawezi kumkwepa mtu aliyesoma chuo.

Kama ilivyo desturi yetu, hata kamera hazikuanza bila maombi. Mchungaji aliombea nchi, mvua na mitambo. Nilifumba macho, nikatikisa kichwa, nikasema "Amina" kwa moyo wote. Kisha mchungaji akaondoka kuwahi harusi, nami zamu yangu ilipofika nikauliza. Mheshimiwa alijibu kwamba mabomba ya Makongeni yanatiririka usiku na mchana. Ukumbi ukamzomea. Niliketi nimeridhika, nchi nzima ingeona.

Jumapili majirani walijaa sebuleni kwangu kutazama. Swali langu halikuwemo, wala kuzomewa kwake. Mheshimiwa alisema maji yanatiririka, na papo hapo uso wangu ukajaa kwenye kioo, macho yamefumbwa kwa unyenyekevu: "Amina."

Chai ilipoa vikombeni.

"Msomi," akasema jirani yangu muuza mboga, "walikupa nini?"

"Hiyo ilikuwa ya maombi."

"Basi Mungu amejibu upesi. Shida ni kwamba amemjibu yeye."

Nilimwendea mchungaji anitetee. "Amina nilizisikia nyingi, binti yangu," akasema kwa huzuni, "lakini nilikuwa nimefumba macho."

Tangu hapo, nikifika kwenye foleni ya maji na mtungi wangu, mtu hakukosa kuuliza nimefuata nini, ilhali kwangu yanatiririka. Wengine hawakuuliza, walinipa mgongo, na hilo liliniuma zaidi.

Watu wa runinga waliporudi kwa mjadala mwingine, mstari ulimtuma muuza mboga. Aliapa kutofumba jicho wala kutikisa shingo. Wakati wa maombi alikaa wima, amekodoa macho, amekunja uso. Kipindi kilipotoka, uso huo huo uliwekwa baada ya maneno ya mpinzani wa mheshimiwa, na mtangazaji akaeleza kwamba wakazi wa Makongeni wamechoshwa na upinzani.

Asubuhi muuza mboga alibisha mlangoni pangu, mtungi mkononi.

"Msomi, chukua wako twende," akasema. "Na tukifika, usinisalimie kwa sauti. Wananiita mheshimiwa."