Mota ya Friji na Kifo cha Babu Besi

Inatangazwa kwa umma wote wa wapenda muziki, kwa unyenyekevu mkubwa na kofia zikiwa mikononi, kwamba Babu Besi, mwimbaji mwenye sauti nzito kuliko wote waliowahi kupita chini ya sindano ya gramafoni, hatunaye tena. Hakuugua. Hakustaafu. Amegundulika kuwa ni mwanamke, tena msichana mbichi, na aliyemgundua ni mkwe. Wafiwa ni watu watatu, na mfiwa mkuu ni fundi wa friji.

Fundi huyu ni mtu mnene wa mabega, mpole wa maneno, ambaye hata akitoka kuoga ananukia gesi. Karakana yake imejaa friji zilizoachama milango kama wagonjwa wanaosubiri kutazamwa koo. Friji ya mwisho, ile ya pembeni isiyo na injini, ndiyo maktaba yake. Humo anatunza santuri. Haziingii vumbi, haziingii mende. Albamu za roki, ule muziki wa magitaa yanayogombana, zimesimama rafu ya juu. Za souli, ule wa watu wazima wanaolia kwa mpangilio, zimo kwenye droo ya mboga. Ukimwomba akupigie kitu anakuuliza, "Ya juu au ya kwenye mboga?"

Gramafoni yenyewe aliipata ikiwa maiti, mota imeungua. Akafungua friji moja mbovu, akatoa mota ndogo ya feni, akaifunga. Sahani ikazunguka. Fundi akaridhika, maana katika kazi yake kitu kikizunguka kimepona. Kwamba ilizunguka pole pole kuliko inavyotakiwa, hakuna aliyejua. Mtaa mzima haukuwa na gramafoni nyingine ya kulinganishia.

Kila Jumapili mchana walikutana watatu: Fundi, shemeji yake mchomelea vyuma, na Mwalimu wa jiografia. Sheria yao ilikuwa kali. Kila mtu analeta albamu aipendayo, upande mzima unapigwa, na ni marufuku kufungua mdomo mpaka sindano iinuliwe. Ikishainuliwa, kila mmoja anatoa ushahidi: ameipenda kwa nini. "Nzuri tu" haikubaliki. Shemeji aliwahi kusema "nzuri tu" akasimamishwa nje na kikombe chake cha chai.

Shemeji ni mtu wa roki. Magitaa yake, ambayo kwa walioyatengeneza yalikuwa yanafukuzana, hapa karakanani yalitembea kama watu waliotoka kushiba. "Roki ni muziki wenye heshima," ndio ulikuwa ushahidi wake kila wiki. Siku moja Mwalimu alikuja na habari kwamba ameisikia albamu ileile kwenye simu, nayo inakwenda mbio. Wakajadiliana kwa kina. Uamuzi ukawa kwamba simu inaharakisha ili isimalize bando.

Lakini kito cha droo ya mboga kilikuwa Babu Besi. Santuri yake ilinunuliwa uchi, bila jalada, na karatasi ya katikati imefutika kwa maji, kwa hiyo waliivalisha jalada la roki lenye wanaume wanne wenye nywele nyingi. Jina walimpa wenyewe, na maisha pia. Mwalimu alisema lazima ametoka nchi ya baridi, kwa jinsi anavyofungua mdomo kidogo. Shemeji aliapa kwamba mzee huyo aliwahi kuchomelea, kifua kile kina moshi. Fundi alisema kidogo tu: "Huyu amezika watu."

Fundi alikuwa na sababu yake. Kaka yake mkubwa, aliyemfundisha kazi, alizungumza hivyohivyo, kutoka tumboni, na alipofariki hakukubaki mtu duniani wa kumwambia Fundi atulie. Ila mzee wa kwenye santuri. Upande wa pili, wimbo wa tatu, kuna mahali ala zote zinanyamaza na Babu Besi anabaki peke yake akinguruma. Fundi alipokuwa na jambo zito alikwenda kukaa na mahali hapo. Binti yake alipoposwa, alijifungia karakanani na upande wa pili, akatoka akasema, "Sawa, aolewe."

Ndoa hiyo ndiyo iliyomleta mkwe, mama wa kijana aliyemwoa binti. Ni fundi cherehani, mwanamke wa kunyooka, mwenye duka lake na wasichana wanaomwogopa. Siku ya kutambulishana alikaa upande wa dirisha mwanzo mpaka mwisho, na Fundi alijua ni kwa ajili ya gesi. Basi binti alipomdokeza kwamba mama huyo ujanani aliipenda souli kupita kiasi, Fundi aliona mlango umefunguka. Akamwalika Jumapili. Akafagia. Akajipaka marashi ya mkewe. Kisha akamweka mkwe kwenye kiti chenye mto, akafungua droo ya mboga na kumtoa Babu Besi kwa mikono miwili.

Sindano ikashuka. Mzee akanguruma. Mkwe akainamisha kichwa, akasikiliza kidogo, akafanya dhambi ya kusema.

"Samahani, mkwe. Mashine yako inaumwa?"

Shemeji alishika mdomo kumwonyesha sheria. Fundi akanong'ona, "Haiumwi, mkwe. Mzee ndivyo anavyoimba."

"Mzee gani?"

Hakungoja jibu. Aliinuka, akaweka kidole ukingoni mwa sahani na kuisukuma, kama anavyolisukuma gurudumu la cherehani akianza kitambaa kigumu. Sauti ikapanda. Ikatoka kwenye pango, ikapanda ngazi, ikafika barazani, na ilipofika barazani ilikuwa ya msichana.

"Toa kidole!" Shemeji alipiga kelele. "Toa kidole, mama, mzee anabanwa!"

"Mzee wa wapi? Huyu dada nilikuwa naye nyumbani, albamu nzima. Nilishona gauni kama lake la kwenye jalada, mikono mipana hivi."

"Dada?" aliuliza Mwalimu, mtu aliyeshamtajia mzee mpaka nchi.

Mke wa Fundi alikuwa mlangoni na sinia la vikombe. Ilibidi aliweke chini. "Kumbe aliyeruhusu ndoa ya mwanangu ni mwanamke mwenzangu! Ndiyo maana imetulia."

Wote wakamtazama Fundi. Mtu habishani na mkwe, hasa mkwe uliyemtafuta kwa marashi. "Ahsante, mkwe," alisema.

Haikuishia hapo. Katikati ya wiki mkwe alileta zawadi: mota ya cherehani la zamani, ameipima mwendo mwenyewe. Zawadi ya mkwe haiwekwi kabatini. Fundi aliifunga kwa uso wa mtu anayepimwa presha, ile ya friji akaifuta vumbi na kuitia mfuko wa koti.

Jumapili wakajaa tena. Wakaanza na roki ya Shemeji, na magitaa yakatoka mbio mpaka mwenyewe akasimama. "Hawa wamekunywa nini?" Aliombwa akae.

Kisha yule dada. Niseme ukweli bila utani: aliimba vizuri mno. Mwalimu alilia na kusingizia vumbi. Mkwe alipiga hesabu kwa kisigino, amefumba macho, na miaka ikawa inamtoka usoni. Fundi alikaa kama mtu aliyebisha hodi nyumba anayoijua akafunguliwa na mgeni, mwenye adabu zote, anayemwambia kwamba yule anayemtaka amehama.

Upande wa pili, wimbo wa tatu. Fundi alivuta kiti karibu na spika, akajiweka sawa, akashusha pumzi. Ala zikanyamaza, sauti ikabaki peke yake, na kabla hajamaliza kujiweka sawa ala zikarudi. Pamepita.

Sindano ikainuliwa. Mwalimu alitoa ushahidi mrefu wenye milima na mito. Shemeji alisema dada ana kifua, ingawa hachomelei. Mkwe akamgeukia Fundi, macho yamelowa, sauti imelainika, na safari hii kiti chake hakikuwa upande wa dirisha.

"Haya, mkwe. Miaka yote ulikuwa na malkia ndani ya friji na hujui. Leo umemsikia mwenyewe. Tupe ushahidi wako."

Fundi aliwatazama mmoja mmoja, akaingiza mkono mfuko wa koti, akatoa bisibisi na ile mota ya friji.

"Ana haraka."