Bia Niliyoisifu Bila Kuionja

Ipo siku moja ambayo haijanitoka kichwani hadi leo, mwanangu, na nataka nikusimulie kabla hujafunga begi lako la safari. Ilikuwa miaka ile reli ya kwenda Zambia ikijengwa. Mimi, kijana wa Ilula, nilikuwa fundi katika karakana moja ya matrekta pale Uyole, na nilikuwa nimerudi kutoka Ulaya, nchi moja ya kaskazini, ambako nilipelekwa miezi sita kujifunza injini. Pale karakana nilikuwa wa kwanza kupanda ndege. Kichwa kilinivimba, sikufichi.

Ukweli wa safari yangu ulikuwa hivi. Mgahawani niliingia mara tatu tu. Mara ya kwanza mhudumu aliniletea orodha ya vyakula, sikuelewa hata neno moja, nikaona haya kuuliza, nikaweka kidole kwenye mstari wa katikati. Ikaja nyama mbichi iliyosagwa, juu yake kiini cha yai kikinitazama. Nikaila yote huku nikitabasamu. Siku nyingi zilizofuata nilikula viazi na mkate chumbani kwangu. Na bia? Mama yangu, Mlutheri wa kweli, alikuwa ameniapisha kwenye kituo cha basi Ilula kwamba sitaigusa. Sikuigusa. Niliziona tu mezani kwa wenzangu: ya njano kama asali, nyekundu, nyeusi kama chai iliyochemka mno, povu limesimama juu kama la sabuni.

Lakini nani aende hadi Ulaya arudi na hadithi ya viazi? Viazi Uyole tunavyo.

Basi Jumamosi mchana, kazi ikiisha, tulikwenda kilabuni. Wenzangu walikunywa komoni, mimi nikashika soda, nikajidai pombe ya kienyeji hainipandi tena. Nikaanza kusimulia. Nyama za kuchoma za kila namna, wahudumu wakiniinamia, na bia aina thelathini nilizozimaliza zote. "Na ile haileweshi," nikasema. "Ile ni maji yenye heshima. Unakunywa tangu asubuhi, jioni unaendesha trekta mstari ulionyooka." Wakacheka, wakaniita Bwana Ulaya. Ulimi hauna mfupa, mwanangu, wangu siku hizo haukuwa hata na kamba.

Aliyenisikiliza kuliko wote ni Ambakisye, rafiki yangu, naye akiwa na soda mkononi, Mnyakyusa mpole aliyelelewa na mama mjane. Alikuwa fundi bora kuliko mimi. Angesikia trekta likinguruma nje ya geti akakuambia kilichoharibika. Safari ya pili ilipokuja, jina lake ndilo lililotoka. Akanifuata huku nikifunga magurudumu.

"Kaka, niambie ukweli. Wakinikaribisha bia, nifanye nini? Mimi sijazoea."

Hapo ndipo ningeweza kusema. Tulikuwa wawili tu, hakuna wa kunicheka. Nikaona haya kuvunja jina langu.

"Kunywa tu," nikamwambia. "Si nimeshakwambia? Ni maji."

Akaondoka. Baada ya wiki tatu akarudi, mkono wa kulia umefungwa plasta. Usiku wa kwanza kule wenyeji walimpeleka mgahawani kumkaribisha. Alikunywa glasi tano moja baada ya nyingine kama mtu mwenye kiu, akainuka, akaanguka kwenye ngazi zenye barafu. Fundi asiye na mkono hafundishiki, wakamrudisha. Pale karakana wakasema ni mlevi, na kwamba uongozi unafikiria kumwondoa kazini. Ambakisye hakujitetea. Pale kazini hakunitaja hata mara moja. Mimi nami nilinyamaza, siku ya kwanza, ya pili, hadi siku ya tisa, na katika siku hizo msimamizi wetu, Mzee Sanga, akanidokeza kwamba nafasi ile ya Ulaya iliyoharibika nitapewa mimi.

Siku ya kumi mama yake Ambakisye akaniita. Nilimkuta uani anakoroga pombe kwenye pipa, maana pombe ndiyo iliyomsomesha mwanawe, ingawa yeye alikuwa amemkataza mwanawe huyo kuionja. Nilimwamkia shikamoo. Aliitikia bila kuacha kukoroga.

"Mwanangu amesema wewe ulimwambia bia ya kule haileweshi."

"Ndiyo, mama."

"Mimi nimepika pombe tangu kabla hamjazaliwa. Sijaona isiyolewesha. Hiyo ya kule uliionja?"

Nikaanza kuulizia mkono wa Ambakisye.

"Nimekuuliza, baba. Uliionja?"

"Hapana, mama. Hata tone."

Akasimamisha mwiko. Nilitegemea matusi, na matusi yangeniponya kidogo. Akasema taratibu: "Mimi nikipika, naonja kabla sijampa mtu. Wewe ulimpa mwanangu kitu ambacho hukukionja. Sasa nenda. Siitaki pole yako hapa uani. Ulidanganya mbele ya watu, kaseme mbele ya watu."

Mwanangu, njia ile ya kurudi niliijua kila jiwe, lakini siku hiyo ilikuwa mpya. Nilijaribu kutafuta namna ya kusema nusu. Nusu haikupatikana. Nilipofika karibu na geti la karakana nilikuwa nimekwisha amua, na nikajiambia nisisimame, maana nikisimama nitageuka.

Karakana nikaikuta imeshafungwa. Kesho yake asubuhi, tulipokusanyika kugawiwa kazi, nikaomba nafasi. Nikasimama mbele ya mafundi wote nikasema: bia sikunywa, nyama za kuchoma sikuona, nilikula viazi, na Ambakisye alianguka kwa neno langu. "Akiondoka yeye, niondoke na mimi. Na safari ile siitaki." Maneno nilimaliza yote. Halafu mtu mmoja nyuma akacheka, wakacheka wengi, na tangu siku hiyo wakaniita Bwana Povu.

Mzee Sanga hakucheka. Alikwenda kwa wakubwa mwenyewe. Ambakisye akabaki kazini. Safari tulinyimwa wote wawili. Mkono wake ulipona lakini haukunyooka sawasawa, na kufunga nati ngumu hakuweza tena, akawa anasimama kando akisikiliza injini na kutuelekeza. Mkono ukiwa bado kwenye plasta, nilikwenda kumwomba msamaha.

"Koo lilikuwa langu, Kaka," akasema. "Lakini ningejua umekula viazi, nisingeona haya kula viazi."

Neno hilo lilinichoma kuliko kuiona plasta yake. Tukakaa, nikamsimulia ile nyama mbichi na lile yai. Akacheka hadi akaushika mkono wake unaouma. Alipokuja kuchaguliwa msafiri mwingine, binti mmoja wa Chimala anayeitwa Tusekile, tulimkalisha sisi wawili tukamwambia kila kitu kilichotushinda. Alimaliza masomo yake yote, akarudi akatupita.

Kwa hiyo, mwanangu, sikukatazi kwenda wala kula vya watu. Nenda, kaa mezani kwao, na usichokijua uliza, hata kama mhudumu atatabasamu. Aulizaye njia hapotei. Ukirudi, wadogo zako watakuzunguka kutaka habari. Wape ulichokionja kwa ulimi wako, na usichokionja sema sikukionja. Ulipoaibika, simulia hapo hasa, kwani aibu yako ndiyo daraja la mwenzako. Na kama neno lako limeshamwangusha mtu, usingoje siku kumi kama mimi. Nenda ukaseme mbele ya wale wale, na liseme zima.

Mungu akutangulie njiani, akupe chakula usichokiogopa na marafiki wasiokucheka. Akurudishe kwetu ukiwa mzima wa viungo na mkweli wa mdomo. Nenda, baba.