Video Isiyokatwa

Kila mtu hula kwa mdomo, lakini Tuzunguke mdomo wake ndio uliomtafutia chakula chenyewe. Alikuwa akiuza magari mtandaoni. Msidhani yalikuwa yake, la. Magari yalikuwa ya tajiri mwenye yadi. Yeye kazi yake ilikuwa kusimama mbele ya simu, kupiga kofi moja na kusema, "Karibu, tuzunguke pamoja," kisha anaanzia kwenye taa za mbele, anapita ubavuni, anafungua buti, anapapasa viti, anainua boneti, na mwisho analiwasha gari ili mnunuzi aliyelala kitandani kwake huko mbali asikie injini inavyounguruma. Kwa maneno hayo watu wakampachika jina, na jina likamganda mpaka mama mkwe wake akawa analitumia anapomkasirikia.

Sasa mtu wa namna hiyo, bingwa wa maneno, jioni moja anamvua bintiye viatu vya shule, mtoto anamuuliza, "Baba, mama alikuwa anaongeaje?"

Akajibu haraka haraka kwamba mama alikuwa anaongea upesi na kucheka sana. Mtoto akasema hapana, afanye, aongee kama yeye. Basi akajikohoza, akapandisha sauti, akaigiza. Mtoto akacheka kidogo kwa adabu tu, kisha akamwambia kwamba hiyo ni sauti ya baba. Na kweli ilikuwa sauti ya baba. Tuzunguke alibaki na kiatu kimoja mkononi, na kitu kilichomuuma zaidi ni kwamba hata kichwani mwake, alipoitafuta ile sauti, hakuipata sawasawa.

Jamani, na mwanamke yule alivyokuwa anaongea! Pale yadini walimwita Redio. Alikuwa muosha magari, na alikuwa akiyaosha huku akiyasema kama watoto wake: hili limepakwa rangi kuficha uzee, lile limeendeshwa na mtu mwenye hasira, ona kanyagio lilivyolika. Hakuna kovu kwenye gari lililompita. Tuzunguke alimpenda kwa mdomo huo huo, akamwoa kwa mdomo huo huo, na mkwewe alimwonya mapema kabisa kwamba ndani ya nyumba ile hatapata nafasi ya kusema neno.

Tajiri alipoamua kwamba siku hizi magari yanauzwa kwa video, simu alikabidhiwa Redio aishike, maana mkono wake haukutetemeka. Ila sharti likawa moja: kwenye video isikike sauti ya Tuzunguke na ya injini, basi. Ukampe Redio kazi ya kunyamaza, uone maajabu. Lakini alijitahidi. Hata ndala zake alikuwa akizivua kwa sababu zilikuwa zikipiga kelele kwenye kokoto, akawa anazunguka magari peku juani, simu mkononi, midomo ameibana.

Pale maneno yalipomponyoka, mumewe aliyakata. Huo ndio ulikuwa ufundi wake. Akishamaliza kurekodi alikaa kwenye benchi la ofisini, akasikiliza tena, akaondoa kila kikohozi, kila "subiri kwanza", kila "rudi nyuma, jua linakupiga". Video ikitoka hapo ilikuwa safi, utadhani simu ilikuwa inaelea hewani yenyewe. Tajiri alimsifu, na yeye alijisikia vizuri sana. Zile ambazo hazijakatwa zilifutwa, maana simu ya yadi ilikuwa ikijaa upesi. Redio mwenyewe alikuwa na kisimu chake cha tochi, cha kupiga na kupokea tu.

Kisha asubuhi moja akalalamika kichwa. Akaenda hospitali kwa miguu yake mwenyewe, mtoto amemwachia bibi yake, akasema anarudi sasa hivi apike. Presha, walisema madaktari. Hakurudi. Mtoto alikuwa bado wa kubebwa mgongoni, hata meno hayajatimia. Picha za harusi zipo ukutani, nzuri, lakini picha haiongei.

Basi baada ya swali lile Tuzunguke akaanza kuzipitia video za zamani, moja baada ya nyingine, saa za mapumziko, simu kaibana sikioni. Alimwona mkewe kwa vipande: kivuli chake chini, mkono wenye kitambaa uliopita mara moja kufuta vumbi, miguu peku ndani ya mng'ao wa rimu. Sauti, hakuna. Kila alipokaribia mahali ambapo alikumbuka kwamba hapa alisema kitu, palikuwa pamekatwa, na pamekatwa kwa ustadi hata mshono hauonekani. Alilia pale benchini, mtu mzima, mpaka mlinzi akamuuliza kama kuna msiba. Akasema upo, wa zamani.

Ndipo akamkumbuka Mama Dawa.

Huyu alikuwa mama mwenye duka la dawa kwenye mji wa mbali, mnunuzi msumbufu kuliko wote waliowahi kupita pale. Aliwahi kuuziwa gari lililooza upande mmoja na video ikaonyesha upande mwingine tu, hivyo akaapa hatadanganywa tena. Alitaka video isiyokatwa hata sekunde, akasema hata mtu akipiga chafya aisikie. Tajiri aliguna, lakini gari lilikuwa limekaa mno, likamwagiwa maji, likarekodiwa, na video ikatumwa vile vile ilivyo, bila kupita benchini. Mama Dawa akalinunua. Na aliyekuwa ameshika simu siku ile alikuwa Redio.

Tajiri aliombwa namba ya yule mama akafikiri ni utani, akauliza kama Tuzunguke ameanza kutafuta mke kwa wateja. Alipoelezwa, aliacha kucheka. Aliitafuta namba mwenyewe kwenye simu yake, na alipompa akamshika bega, jambo ambalo si kawaida yake.

Mama Dawa naye kwanza alikuwa mkali. Alidhani wamempigia kumdai au kumwuzia kingine. Gari lake halina shida, alisema, na yeye hana muda, kuna wagonjwa dirishani. Tuzunguke alijieleza vibaya, yeye bingwa wa maneno, akarudia rudia.

"Mwanangu," akasema yule mama, "si ungeanza na hilo?"

Simu yake ya wakati ule ilikuwa imepasuka kioo, ipo mahali kwenye droo. Hakuahidi. Angemtafuta fundi, wajaribu.

Sasa kosa alilofanya Tuzunguke ni kwenda kumwambia mtoto. Furaha ilimzidi, akasema utamsikia mama yako. Mama mkwe alimvuta nyuma ya nyumba akamsema wee, Tuzunguke we, unamwahidi mtoto kitu kilicho kwenye droo ya mtu usiyemjua? Na akikikosa utamwambia nini? Lakini yeye mwenyewe bibi, kila jioni alipokuwa akipakua chakula, hakuacha kuuliza kwa mbali, kama anayeuliza habari ya mvua, kwamba yule mama wa dawa hajapiga? Mtoto alikuwa akiacha kutafuna asikie jibu. Hajapiga. Zikapita siku hivyo, na Tuzunguke akaanza kuchelewa kurudi nyumbani makusudi.

Video iliingia mchana, yuko katikati ya kuonyesha boneti la gari jekundu. Hakuifungua. Alimaliza kazi na simu mfukoni, akawa anaigusa kila dakika kama ana jipu. Nyumbani wakakaa kitandani watatu, mtoto katikati, bibi amejifunga kitambaa kichwani vizuri kana kwamba kuna mgeni anakuja.

Video ikaanza. Kofi moja, karibu, tuzunguke pamoja. Taa za mbele, bampa, ubavu. Tuzunguke wa kwenye simu alikuwa kijana, mwembamba, anatabasamu kwa meno yote. Akaupita mlango wa nyuma bila kusimama. Na hapo, karibu kabisa na simu, karibu kuliko yeye, sauti ya mwanamke ikasema upesi upesi:

"Mwenzangu, hujaonyesha pale mlango ulipobonyea. Onyesha, watu wasije wakatulaani."

Bibi alisema, "Ndiye," akajifunika uso.

Na yule kijana wa kwenye simu akaacha kutabasamu, akamtazama aliyeishika. "Hebu nyamaza bwana, unaniharibia sauti."

Kikaja kicheko, kifupi, cha puani. "Haya, nimenyamaza."

Na kweli alinyamaza. Video iliendelea mpaka mwisho, buti, viti, injini ikawashwa ikazimwa, na Redio hakusema tena hata neno moja. Ukiinamisha sikio ulisikia pumzi zake.

Tuzunguke hakuwa amekumbuka. Angeulizwa angeapa kwamba hakuwahi kumwambia mkewe neno kama lile, na huenda alimwambia kila siku kisha akalikata. Kidole gumba chake kilishaanza kusogea kwenye kioo. Kuliondoa lile neno ilikuwa kazi ndogo kabisa kwake, na mtoto angekua bila kulijua. Lakini kicheko kilikuwa kimeanza kabla yeye hajamaliza kusema. Vilikuwa vimepandana. Angelikata neno lake, kicheko kingeondoka nalo, na ile "haya, nimenyamaza" ingebaki inaning'inia tu. Akaurudisha mkono wake mapajani.

Mtoto alikuwa anamtazama.

"Baba, mbona ulimwambia anyamaze?"

Akamgeukia bibi. Bibi hakumsaidia.

"Nilikuwa nauza gari, mwanangu."

"Ukaliuza?"

"Nililiuza."

Mtoto akatikisa kichwa kwamba ameelewa, akaichukua simu mkononi mwa baba yake, akairudisha video mwanzo.