Maneno ya Ma Kemilembe Niliyoyapunguza

Mwanangu, ipo siku moja ambayo naikumbuka kila nikiketi kusuka. Vita vya Kagera vilikuwa vimepita, lakini UKIMWI ulikuwa unatumalizia watu. Mama mkwe wangu pale kijijini Ijumbi, Ma Kemilembe, alikuwa amezika wanawe watatu, mume wangu akiwa mmoja wao. Wajukuu sita walikula kwa fedha ya mikeka aliyoisuka.

Asubuhi hiyo alifika dada mmoja wa chama cha wanawake wanaofanyia kazi nyumbani kwao. Alikuwa akiandikisha wasukaji wa kwenda Kampala, wakutane na wenzao wa nchi nyingine na kudai watambuliwe kuwa wafanyakazi. Kihaya, lugha yetu, hakukijua, nami nilikuwa nimemaliza darasa la saba, basi nikawa mkalimani.

"Mama anafanya kazi gani?" akauliza.

Ma Kemilembe akajibu kwamba anasuka, amesuka tangu usichana wake, na sasa mkono umeanza kumuuma. Mimi, kwa ujinga wangu, nilidhani kazi ni ile ya ofisini. Nikaona haya. Nikatafsiri, "Hana kazi. Yuko nyumbani tu."

Mgeni akafunga daftari, akaaga.

Kumbe mama mkwe alisikia Kiswahili zaidi ya nilivyodhani. Hakupaza sauti, akaniuliza tu, "Jana tulikula nini?"

"Ndizi kwa dagaa, Waitu," nikamjibu kwa neno letu la heshima.

"Hao dagaa walinunuliwa na mtu asiye na kazi?"

Nilitoka mbio. Nilimkuta yule dada njia panda, akisubiri gari la Bukoba. Nikakiri kosa langu, nikamweleza yote, hata habari ya mkono. Akaandika.

Kampala tulikwenda sote wawili. Ma Kemilembe alisimama akaeleza kazi yake, nami nikamtafsiria, sikupunguza kitu. Mama mmoja wa India, anayesokota sigara nyumbani kwake, akaja akamwonyesha vidole vyake vilivyovimba. Wakashikana mikono wakicheka, wala hakuna aliyejua lugha ya mwenzake.

Hatukurudi na sheria mpya. Tulirudi na nia ya kuunda chama chetu cha wasukaji, tukakiunda, na wanunuzi wa mikeka wakazoea kuja kuzungumza nasi tukiwa pamoja.

Basi mwanangu, ukiulizwa mama yako anafanya kazi gani, itaje kazi yake kwa jina lake. Ukipewa maneno ya mtu uyafikishe, yafikishe yote, hata yakikutia haya. Na wewe unayeshona au kusuka kwako, usikae peke yako, tafuta wenzako. Mungu akupe mikono yenye afya, na watu wa kuiheshimu.