Masikio ya Magotini

Kila ninaponusa asumini, hujiona tena barazani kwetu Mji wa Kale, nikimtazama shangazi yangu, mwalimu wa baiolojia, akitunga vikuba vya harusi. Mdudu wa kijani aliruka kutoka kwenye kapu la maua. Nikainua ndara.

"Nzige, shangazi!"

Akanishika mkono. "Mtazame kwanza, mwanangu. Nzige ana vipapasio vifupi. Vya huyu vimeupita mwili wake. Ni binamu tu. Ndugu zake hasa ni nyenje, na masikio yao yako miguuni, hapa chini ya goti. Ukoo wao ulikuwa ukiimba kabla dunia haijamwona ndege hata mmoja."

Nikaiweka ndara chini. Mdudu alikuwa ametulia juu ya asumini, vipapasio vikicheza. Nikainama hadi gotini pake, nikamwamkia kwa sauti ndogo, "Shikamoo."