Tetekuwanga ya Likizo

Kwaru. Kwaru. Kwaru.

Kucha kwenye ngozi. Jumapili, alfajiri, giza totoro. Chumbani tuko wawili tu, mimi na mwanangu Aseel wa miaka minne. Baba yake yuko zamu jangwani.

Nikammulika kwa simu.

Kalala fofofo. Ngozi safi kama yai lililomenywa.

Na sauti bado: kwaru, kwaru.

Ngojeni niwape mwanzo wake.

Mimi Kheiria, nakaa Al Amerat, pembezoni mwa Muscat. Napokea simu za kampuni moja ya kutengeneza viyoyozi. Miezi ya majaribio ilikuwa ukingoni, mkataba wa kudumu naunusa.

Kabla ya Idi nikamwomba msimamizi wangu, Da Noof, masaa mawili tu. Aseel akachomwe sindano ya tetekuwanga.

"Masaa mawili! Mie nna watatu, sijaomba hata dakika kwa mambo ya sindano."

Ruhusa akanipa, na karatasi ya onyo juu yake. Nikikosa tena, mkataba nisahau.

Kumbe mwenzangu ana hesabu zake. Mtoto wa dadake kule Mabela katokwa na tetekuwanga.

"Idi mosi nnakwenda na wanangu, wakalale naye kitanda kimoja. Waugue likizoni, mie kazini nirudi kifua mbele."

"Da Noof, hukaa mwilini kama wiki mbili ndiyo itoke."

"Hayo ya masomo yako ya jioni, shoga. Bibi zetu walifanya hivihivi."

Likizo ikaisha. Watoto wanaruka kama mbuzi waliokoswa na kisu cha Idi. Da Noof akarudi kazini ananicheka.

Wiki moja baadaye akaja kichwa kinamgonga. Akakaa kitini kwangu, akavaa hedifoni zangu.

Kesho yake, vipele. Watoto watatu na mama yao. Siku kumi hayupo!

Simu zote zikawa zangu. Jua la kiangazi, Muscat nzima inalilia viyoyozi. Meneja, Bwana Hamood, akanisimamisha mbele ya watu: "Huyu ndiye mfano wa mahudhurio! Jumapili njoo usaini mkataba."

Jumapili yenyewe, siku ya kwanza ya kazi huku kwetu, ndiyo hii.

Kwaru, kwaru.

Kucha zilikuwa zangu. Mtoto nimemkinga, mimi mwenyewe tangu utotoni sijachanjwa wala sijaugua, na wala sikukumbuka kuuliza.

Nikampigia Da Noof, nikamwambia vipele vimenitoka.

"Siku ngapi?"

"Kumi, kasema daktari wa simu."

Akaguna. "Na sindano ulitaka masaa mawili tu."

"Mkataba je, Da Noof?"

"Hamood hawezi kukunyima siku alizonipa mie. Lala. Karatasi ya mkataba nnakuletea mlangoni, mie haininati tena."

Jioni akaja kweli. Nikasaini na vidole vyenye losheni ya kutuliza muwasho.

Mama mwenzangu, masaa mawili ya kliniki usiyaonee choyo. Ugonjwa hauombi ruhusa kwa msimamizi. Na ukishika kadi ya mtoto, ulizia na yako.

Aseel akanitazama nilivyopakwa losheni ya rangi ya waridi uso mzima, akapandisha mkono wa fulana yake, akanionesha bega.

"Mama, mimi nilichomwa sindano."